Mama hakuwa mvumilivu

Siku tulipomzika baba, mwaka 2019, wasifu wake ulichukua kurasa mbili na nusu. Afisa aliyeusoma alisimama wima akataja tarehe ya kuandikishwa jeshini mwaka 1966, namba ya jeshi, kozi alizohudhuria, vikosi alivyotumikia, vyeo vyake mpaka kufikia afisa mteule, kisha nishani: Medali ya Vita, Medali ya Kagera, Medali ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Jeneza lilifunikwa bendera. Risasi zikapigwa hewani, tarumbeta ikalia, na mama, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, akanishika mkono bila kunitazama.

Mwaka huu tumemzika yeye. Wasifu wake haukufika nusu ukurasa. Alizaliwa Njombe mwaka 1950, akaolewa 1968, akajaliwa watoto, akasumbuliwa na shinikizo la damu, akalala. Kati ya kuolewa na kuugua palikuwa na sentensi moja: "Marehemu alikuwa mama mvumilivu, aliyemtunza mumewe na watoto katika mazingira ya kijeshi." Aliyekuwa akiongoza ratiba akaongezea la kwake, kwamba mvumilivu hula mbivu. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali, tukaelekea makaburini.

Sentensi ile niliiandika mimi. Niliiandika saa nane usiku, nyumba imejaa watu, karatasi inatakiwa kupigwa chapa asubuhi. Sikukusudia kumpunguza. Ndivyo wanavyosemwa mama zetu, na mkono wangu ukaandika ulichozoea kusikia. Lakini siku arobaini zote nimekaa na neno lile, na kila nilipolitazama nimeona kwamba si kweli. Mama hakuwa mvumilivu. Alikuwa mtendaji, kwa miaka ishirini na minane ya kota za jeshi, na neno nililompa limeifuta kazi yake yote.

Tazama lugha yenyewe. Njaa huvumiliwa, baridi huvumiliwa, maumivu ya jino huvumiliwa. Anayevumilia amekaa, jambo linampitia, yeye anangoja liishe. Na ile methali ya mbivu inamchukulia mtu kana kwamba yuko chini ya mwembe, hana la kufanya ila kusubiri embe liive lenyewe. Haisemi ni nani aliyeuchimbia mwembe, aliyeumwagilia kiangazi, aliyewafukuza ngedere. Tunapomwita mke wa askari mvumilivu tunamweka kwenye kivuli cha mti alioupanda mwenyewe.

Hata jina lake lilikuwa limepotea. Kotani aliitwa kwa cheo cha mumewe au kwa jina la dada yetu wa kwanza. Siku ya mazishi msalaba ulipopita na jina lake la ubatizo, mama mmoja aliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka sita alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyo aliyeandikwa pale ni nani?"

Nianze na barua, kwa sababu hapo ndipo kazi yake ilipoonekana kwangu mara ya kwanza, ingawa wakati huo sikujua kuwa ni kazi.

Mama hakwenda shule utotoni. Alijifunza kusoma na kuandika Tabora, kwenye madarasa ya kisomo, katika kampeni ile ya elimu ya watu wazima iliyotangazwa mwaka 1970. Dada anakumbuka akishikiliwa mgongoni kwa kanga huku mama akiandika irabu ubaoni. Alimaliza, akapewa cheti, akakiweka kwenye sanduku la bati. Mwaka 1978 cheti kile kikawa na kazi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaikalia nchi yetu mpaka mtoni na kulivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa, na mpaka leo mtoto wa shule anaweza kukutajia maneno yale: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka redio ya mbao mezani, na mama amezianika betri juani mchana kutwa ili zifike taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Baba aliondoka na kikosi chake kwa treni kwenda Mwanza. Kota zikabaki za wanawake na watoto.

Kisha barua zikaanza kuja. Zilikuja kwa mafungu, majuma kadhaa kimya, halafu siku moja nyingi pamoja. Katika safu yetu ya kota wanawake wengi hawakuwa wamepita kisomo, au walikipita nusu nusu wakasahau. Mama akawa msomaji. Jioni walikuja mmoja mmoja, wanavua ndala mlangoni, wanakaa mkekani, wanatoa bahasha kwenye pindo la kanga. Sisi tulifukuzwa nje. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote katika safu ile, mama ndiye aliyejua nani amejeruhiwa mguu, nani ana deni, nani ameandikiwa maneno makali, nani ameulizwa habari za mtoto ambaye mumewe bado hajaambiwa. Alijua yote, akamtazama kila mwanamke kisimani asubuhi kama asiyejua kitu. Siku hizi mtu wa kazi hiyo hula kiapo na kupewa posho. Yeye aliletewa karanga kwenye kikapu.

Na alikuwa akiwaandikia majibu pia. Hapo alikuwa na sheria moja ambayo dada ananisimulia, maana yeye alishaanza kuruhusiwa kukaa ndani: habari ya kifo haiendi mstari wa mbele. Mwanamke akija analia anataka mumewe aandikiwe kwamba mama mkwe amefariki, mama angemsikiliza, angemfuta machozi, angeandika mengine yote na lile asiandike. Alisema barua haina mtu wa kukukalia pembeni ukiisoma.

Sidai kwamba alikuwa na haki siku zote kuamua hivyo kwa niaba ya wengine. Lakini ulikuwa uamuzi, umefikiriwa, una sababu, na aliyeufanya alijua gharama yake. Anayevumilia tu hafiki mahali pa kutunga sheria.

Wanahistoria wa vita ile hutuambia kwamba jeshi letu, lililokuwa na askari wasiofika 40,000, lilikuzwa likafika takriban 150,000, mgambo wakiwemo. Gharama yake hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500. Hesabu hizo nimezisoma mara nyingi, na kila nikizisoma najiuliza zimeanzia wapi kuhesabu. Wanaume wangapi katika hao laki na nusu waliacha nyumbani mtu wa kulisha, kulea, kuuguza na kuzika? Mwalimu aliposema uwezo tunao, sehemu ya uwezo ule ilikuwa imekaa mkekani kwetu Tabora, inamsomea jirani barua kwa mwanga wa koroboi. Askari aliyevuka mpaka, akapita Masaka, akaingia Kampala Aprili 11, 1979, alikuwa amevuka akiamini kwamba nyumbani pana mtu. Imani hiyo haikutolewa na bohari ya jeshi.

Vita vilipoisha tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi ilipita, mikanda haikulegezwa. Waliokuwa watu wazima wanaikumbuka miaka ile ya foleni na ya sabuni ya kukatiwa vipande. Mama, mtu wa Njombe aliyekulia kwenye baridi na viazi mviringo, alijifunza kwa jirani zake Wanyamwezi kukausha viazi vitamu. Michembe ilichemshwa na karanga. Matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, yalikuwa matamu kiasi kwamba tuliyatafunia chai isiyo na sukari na hatukulalamika. Nguo alifulia majani ya mpapai. Sijui kama kuna kamusi itakayokubali kuita hayo uvumilivu. Kwangu mimi ni ufundi, alioutafuta, akauliza, akaukosea mara mbili tatu, akaushika.

Lakini kazi iliyokuwa nzito kuliko zote ilianza baba aliporudi.

Alirudi mzima wa mwili. Mchana alikuwa baba yule yule, anachonga mpini wa jembe, anatania watoto wa jirani. Usiku alikuwa mtu mwingine. Ndani ya wiki ya kwanza mama alitukusanya jikoni akatupa utaratibu, nami naukumbuka neno kwa neno kwa sababu tuliufuata mpaka tukawa watu wazima. Mtu asimguse baba akiwa amelala. Anayetumwa kumwamsha asimame mlangoni, asiingie, aite "Baba, ni mimi," ataje jina lake, arudie mpaka baba ajibu kwa maneno, si kwa kuguna. Sufuria zisiachwe ukingoni mwa meza. Sikukuu, vijana wa kota walipoanza kulipua baruti, yeye alimchukua baba matembezini kabla ya jua kuzama, wakaenda mbali, wakarudi kumenyamaza. Sisi tulidhani wanapenda kutembea.

Hakutuambia sababu. Labda hakuwa na neno la kutuambia. Leo wataalamu wanaliita kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha, wanajua dalili zake, wana dawa na mazungumzo ya kutibu. Mwaka 1979 hapakuwa na daktari wa namna hiyo kwa koplo wa Tabora. Palikuwa na mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye cheti cha kisomo, ambaye usiku mmoja aliamka na kukuta mikono ya mumewe imemkaba, akaelewa kwamba mumewe hayupo pale kitandani, yuko kwingine, na asubuhi yake akabuni njia ya kumlinda yeye, watoto na heshima ya baba yao kwa pamoja. Hili la kukabwa nililijua baba alipokuwa ameshafariki. Alinisimulia akichambua mchele, bila kuinua uso, akamalizia, "Hakuwa yeye."

Kwa miaka mingi nilifikiri baba alipona mwenyewe.

Uhamisho nitaupitia haraka, ingawa kila mtoto wa kambini anaweza kuujazia kitabu. Songea, Tabora, Nachingwea, Lugalo. Kutoka Tabora kwenda Nachingwea mwaka 1984 kulimaanisha treni mpaka Dar es Salaam, kisha barabara ya kusini na kivuko cha Ndundu, maana daraja la Rufiji lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na masika ikianza barabara ile ilikuwa ikifa kabisa. Baba aliondoka kwanza na wenzake. Mama alifuata na watoto watano, magodoro, kuku wanne kwenye tenga, barua za uhamisho wa shule na lile sanduku la bati. Tulipofika alikuwa na siku tatu za kujua maji yanachotwa wapi, mwalimu mkuu ni nani, nani katika safu mpya ya kota anaaminika. Mwezi haukuisha ameshapanda mchicha nyuma ya nyumba. Nachingwea ni mji wenye historia kubwa, ndipo wapigania uhuru wa FRELIMO walipokuwa na kambi yao kuu. Katika hadithi zote nilizosikia za mji ule sijawahi kusikia habari za mboga za wanawake zilizolisha makambi.

Huu si upungufu wa Tanzania peke yake wala si wa juzi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wake wa askari wa Wajerumani walitembea nyuma ya safu ya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na watoto wao, wakipika, wakibeba, wakijifungulia njiani, mpaka kuvuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Ukienda Posta, Dar es Salaam, utamkuta askari wa shaba aliyesimamishwa pale mwaka 1927, bunduki mbele. Ni sanamu nzuri nami naipenda. Yuko peke yake kabisa.

Na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunafanya jambo lenye uzito mkubwa. Kwenye mnara huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka, shada la maua. Kaboya kule Muleba na Naliendele kule Mtwara yanasafishwa makaburi ya waliokufa Kagera na waliokufa Msumbiji. Nimehudhuria mara tatu, na mara zote tatu nimelia. Sitaki kiondolewe hata kimoja. Ninachosema ni kwamba ukivitazama vile vifaa kimoja kimoja, vyote ni vya yule aliyeondoka. Aliyebaki hana chake pale.

Kubaki si kwa zamani. Tangu mwaka 2013 vijana wetu wamekuwa mashariki ya Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, na wasiopungua 14 waliuawa kwa shambulio moja tu la Semuliki, Desemba 7, 2017. Wenye umri wa wajukuu wa mama yangu ndio sasa wanaongea na waume zao kwa simu za video, wanajipaka mafuta usoni kabla ya kupokea, wanamnyamazisha mtoto mwenye homa ili asisikike. Simu imekuwa ya kisasa. Kuamua nini kisemwe na nini kingoje kumebaki kule kule.

Sasa nizungumzie mali, kwa sababu sifa bila mali ni rahisi kutoa.

Askari akistaafu anatoka kota. Hilo kila familia ya jeshi inalijua tangu siku ya kwanza, na kila familia huona siku hiyo iko mbali. Mama aliiona karibu. Tulipohamia Lugalo mwaka 1989 alianza kukaanga maandazi alfajiri, akafuga kuku, akaingia upatu wa wanawake kumi na wawili. Mwaka 1991, zamu yake ya upatu ilipofika, alinunua kiwanja Goba, ambayo wakati ule ilikuwa mikorosho na njia za miguu, na watu wakamwambia amepeleka pesa porini. Matofali aliyanunua hamsini hamsini. Baba alistaafu mwaka 1996, na siku tulipotoka kota tulikuwa na mahali pa kushushia magodoro. Majirani wawili watatu wa safu ile hawakuwa napo.

Karatasi ya mauziano ina jina la baba. Siku ya kuandikishana aliulizwa mwenye nyumba ni nani, naye akalitaja jina la mumewe, kwa sababu ndivyo lilivyojibiwa swali lile. Baba hakuwahi kulibishia wala kulitumia vibaya. Lakini alipofariki, wapo ndugu waliokaa kikao kujadili "nyumba ya marehemu," na mama ameketi nao chumba kimoja, kwenye sakafu aliyoilipia kwa maandazi.

Sheria yetu, kwa bahati njema, imeona mbali kuliko vikao vyetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama izingatie mchango wa kila mmoja inapogawa mali ya ndoa, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Fikiria uzito wa tamko hilo. Miaka zaidi ya arobaini iliyopita mahakama ya juu kabisa nchini ilisema kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba huzaa mali. Sheria ile inahusu ndoa inapovunjika, lakini wazo lake halina sababu ya kuishia mahakamani. Kama kazi hiyo inahesabika watu wakiachana, inashindikanaje kuhesabika wakiwa wameishi pamoja miaka hamsini na mmoja na mmoja amemzika mwenzake?

Na lile sanduku la bati. Faili la mafao ya baba lilipokwama, ofisi moja ikatuambia kumbukumbu za ndoa hazionekani na mambo yatachukua muda mrefu. Mama aliomba ashikwe mkono mpaka chumbani. Akafungua sanduku, akatoa cheti cha ndoa cha 1968, barua ya kuandikishwa ya 1966, barua za kila uhamisho, stakabadhi, zote zimefungwa kwa kamba ya katani kwa mwaka wake. Yule kijana wa ofisini alipoziona aliuliza nani alikuwa mtunza kumbukumbu. Hakuna aliyemjibu. Nilipaswa kumjibu.

Nimemsomea dada yangu hoja hizi zote naye hajaridhika. Anasema mama asingependa. Anasema yale yalikuwa mapenzi, na mapenzi yakishaandikwa kama orodha ya kazi yanakuwa madeni. Namsikiliza, maana yeye ndiye aliyebeba nusu ya mzigo ule tangu ana miaka tisa, na kama kuna mtu mwenye haki ya kunikatalia ni yeye. Hata hivyo baba naye aliipenda nchi yake. Hakuna aliyeona kwamba kuandika tarehe alizoitumikia kunaupunguza upendo ule. Tuliandika tarehe kwa sababu tulitaka wajukuu wajue kwamba mapenzi yake yalikuwa na mahali, na mwaka, na gharama. Ndicho ninachomtakia mama.

Nami nina ombi, na nalitoa kwa moyo wote. Wanawake waliobaki kotani mwaka 1978, wale waliokuwa na miaka ishirini na kitu, sasa wana sabini na kitu. Wanazikwa kila wiki, kwa nusu ukurasa. Jeshi letu linajua kuandika wasifu kuliko taasisi yoyote nchini. Liongeze ukurasa mmoja katika ule wa askari: nyumba yake iliendeshwa na nani, katika kambi zipi, miaka gani. Na sisi watoto tukae na mama zetu jioni hizi tuwaulize, hasa yale tunayodhani tunayajua.

Mimi nimeuanza upya wasifu wa mama, na jambo la kwanza nililokwama nalo ni tarehe. Yeye hakuwa na barua ya kuandikishwa, hakuna aliyewahi kumwandikia kwamba kuanzia tarehe fulani atakuwa Nachingwea. Nilizunguka nalo wiki mbili. Kisha dada akaniletea bahasha ya kaki kutoka chini kabisa ya sanduku, na ndani yake kulikuwa na kadi za kliniki. Za sisi wakubwa ni vipande vilivyochakaa, za wadogo zina mchoro wa uzito. Kila moja ina mhuri wa mahali. Songea 1969. Songea 1971. Tabora 1974. Tabora 1980. Tabora 1982. Alikuwa ametuzaa njia nzima, na mihuri ile ndiyo rekodi ya utumishi wake.

Kadi ya sita ni ya Nachingwea, Agosti 1986. Wasifu tulioupitisha ulisema ameacha watoto watano, na ni kweli ameacha watano. Yule wa sita hatukumtaja, mimi nilisahau kumtaja, na ninalikiri hapa. Nukta za uzito zinapanda vizuri mpaka mwezi wa saba wa umri wake. Mwezi wa nane inashuka. Mwezi wa tisa, Mei 1987, inashuka tena, na baada ya hapo mistari ni mitupu. Baba alikuwa Msumbiji na kikosi chake. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Dada alishaolewa. Mtoto alizikwa na wanawake wa kota.

Katika kifungu cha barua za baba za mwaka ule ipo moja ya Julai. Anauliza kama mdogo ameanza kutembea. Nimeisoma mara nyingi nikijaribu kuona mama akiisoma peke yake, hana wa kumsomea, akatafuta la kujibu. Hakumwandikia. Alikaa na jambo lile mwaka mmoja na nusu.

Askari wetu waliondoka Msumbiji mwishoni mwa 1988. Nilikuwa likizo. Malori yalipofika getini mama alituambia tubaki nyumbani, akajifunga kanga, akaenda. Tulichungulia kutoka kona ya kota ya mwisho. Baba alishuka na mfuko wake begani, mama akamwongoza mpaka chini ya mkorosho ulio nje ya uzio, wakaketi. Hatukusikia kitu. Waliketi pale mpaka giza likaingia, na mfuko wa baba haukuwa umeguswa.

Kwenye wasifu mpya nimeandika: Desemba 1988, Nachingwea. Alimpa mumewe habari ya msiba, uso kwa uso, amemkalia pembeni.